Alama za Jioni

Klabu ile ilikuwa na mambo mengi ya kuchosha. Kulikuwa na vizibao vya buluu ambavyo lazima uvae hata jua likiwa la kupasua mawe, mikutano ya kila mwezi iliyoanza na salamu za nusu saa nzima, na wimbo ambao ubeti wake wa pili hakuna aliyeujua, kwa hiyo waliimba wa kwanza mara mbili. Lakini jambo la kitambaa, hilo hata wasioipenda klabu waliliheshimu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mzee yeyote anayeishi peke yake alipewa kitambaa cha njano. Asubuhi akiamka salama anakitundika dirishani, jua likizama anakiondoa. Mwanaklabu aliyekabidhiwa mzee huyo anapita chini barabarani mara mbili: asubuhi anaangalia kama kitambaa kimetoka, jioni anaangalia kama kimeingia. Mambo yakiwa sawa anaweka tiki kwenye daftari, moja ya asubuhi na moja ya jioni, anakwenda zake. Yasipokuwa sawa anapanda, anagonga, na asipojibiwa anafungua mwenyewe, maana kila mmoja alikuwa na ufunguo wa akiba wa wazee wake. Walikuwa wazee arobaini na mmoja, na kwa miaka sita hakuna hata mmoja aliyeozea ndani kama ilivyokuwa ikitokea zamani. Neno baya, najua, lakini ndivyo ilivyokuwa ikitokea, na majirani walikuwa wakijulishwa na harufu.

Kati ya wanaklabu wote, mwenye daftari safi kuliko wote alikuwa fundi viatu mmoja, mtu wa miaka hamsini na kitu, ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi kwa sababu akishika jambo habanduki. Mwenyekiti wa klabu, mwanamke mmoja mwalimu mstaafu aliyebaki na jina la Mwalimu mpaka leo, alikuwa akiwaonyesha wanachama wapya daftari la Gundi. "Tazameni," anasema, "hakuna hata tundu moja." Gundi anaangalia chini kwa haya, na moyoni anafurahi kama mtoto. Nani asiyependa kusifiwa?

Gundi alikuwa na wazee watatu. Mmoja wao alikuwa mkunga mstaafu aliyekaa ghorofa ya pili, juu ya mashine ya kusaga nafaka. Mama huyu alizalisha nusu ya mtaa na hakuona aibu kukukumbusha. Akimwona mtu mzima amevaa suti anajivuna barabarani, anamwita kutoka dirishani mbele za watu: "Wewe! Nilikushika miguu, kichwa chini, ukalia kama mbuzi. Leo unanipita bila salamu?" Mtu na suti yake anarudi kusalimia.

Mwanzoni alikuwa akimsubiri Gundi dirishani kila asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeamka na miguu yote miwili?"

"Yote, mama."

"Haya, nenda ukahangaike na ya wenzio."

Mwaka wa nyuma nyonga ikaanza kumsumbua. Gundi alimwona amesimama pale ameng'ang'ania nondo za dirisha, uso umekunjamana kwa maumivu, akamwonea huruma. "Mama, usijitese kunisubiri," akamwambia. "Wewe tundika kitambaa ukakae. Mimi nikikiona, inatosha." Alisema kwa mapenzi tu, na yule mama akakubali. Tangu siku hiyo dirisha likawa na kitambaa bila mtu.

Sasa tuje kwenye wiki yenyewe. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na wazazi wanajulikana: likizo nzima viatu vya mtoto viko uvunguni vimeachama mdomo, vinakumbukwa zimebaki siku mbili. Kibanda cha Gundi kilifurika. Jumatatu asubuhi, saa moja kasoro robo, alipita chini ya dirisha, kitambaa kipo, akaweka tiki. Jioni alifunga kibanda mgongo unamuuma hata kuinuka ni kazi, akakata njia ya nyuma ya soko kwa kuwa ni fupi. Nyumbani mkewe akamwekea chai. Gundi akafungua daftari, akaweka tiki tatu za jioni, akalifunga.

Haikuwa mara ya kwanza. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: tiki za jioni alikuwa akiziweka palepale mezani tangu miezi minne iliyopita. Hakuwa mtu mvivu. Tatizo ni kwamba miaka sita mfululizo, kila alipopita jioni, alikuta kitambaa kimeondolewa. Kila siku, bila kukosa. Mtu ukiangalia kitu miaka sita kiko vilevile, unaanza kuamini kwamba kiko hivyo hata usipokiangalia.

Mkewe alikuwa akimtania. "Una macho wewe! Umekaa hapa kwenye kiti unaona dirisha la ghorofa ya pili kule ng'ambo ya soko." Jumatatu hiyo pia alimtania hivyo. Wakacheka wote wawili, Gundi akaomba aongezewe chai.

Jumanne asubuhi kitambaa kipo. Tiki. Jumatano asubuhi kitambaa kipo. Tiki. Jumatano usiku ikanyesha mvua ya kutisha, mitaro ikafurika, na Alhamisi asubuhi Gundi alipita na mwavuli mkononi akaona kitambaa kipo. Alikuwa ameshafungua daftari, kalamu imeshagusa karatasi. Kitambaa kilikuwa kimelowa chapachapa, kimeshikamana na nondo, kinadondosha maji.

Mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri. Nani ametundika kitambaa kilicholowa namna ile?

Akalifunga daftari bila kuweka tiki. Alipanda ngazi akishikilia ukuta. Aligonga, akaita, "Mama! Mama, ni mimi!" Akatoa ufunguo wa akiba, akafungua.

Mama alikuwa amelala kwenye ukumbi mwembamba kati ya jiko na mlango, kifudifudi, uso umegeukia mlangoni. Kutoka jikoni mpaka pale alipolala, vumbi la sakafuni lilikuwa limefutika, njia nzima, kama mtu amepitisha gunia. Mguu mmoja ulikuwa umegeuka nje vibaya. Karibu na mkono wake kulikuwa na kikombe cha bati kilichobonyea upande mmoja, na ukuta wa pale chini ulikuwa umebanduka plasta, sehemu kubwa kama sahani. Alikuwa amegonga. Alikuwa amegonga sana, na huko chini mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma tangu asubuhi hadi jioni, na usiku jengo halina mtu mwingine. Mlango ulikuwa umebaki hatua mbili.

Mezani jikoni kulikuwa na kile kisanduku cha vidonge chenye vyumba vya siku, ambacho klabu iliwagawia wazee. Jumatatu asubuhi, tupu. Jumatatu jioni, vidonge vyote vimo. Jumanne vimo. Gundi alivihesabu mara mbili, kisha akakaa sakafuni kando ya mama yule akalia kwa sauti.

Daktari alisema nyonga ilivunjika, lakini nyonga peke yake isingemwua upesi hivyo. "Ni kiu," akasema. "Amefariki jana, alasiri au jioni." Alisema taratibu huku anaandika, hakujua anazungumza na nani.

Jana alasiri. Maana yake Jumanne asubuhi Gundi alipopita na tiki yake, mama yule alikuwa hai juu ya kichwa chake, anagonga. Na Jumatano asubuhi alikuwa hai vilevile.

Mchana wa siku hiyo Mwalimu alimwita ofisini, chumba kimoja nyuma ya maktaba, chenye meza na picha za miaka yote ya klabu. Alilichukua daftari, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mistari. Jumatatu jioni, tiki. Jumanne jioni, tiki. Jumatano jioni, tiki. Kidole kikasimama. Mwalimu amesahihisha madaftari miaka thelathini na nne, na anajua mtu aliyenakili.

"Gundi," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hukupita."

"Sikupita."

Akavua miwani, akaiweka, akaivaa tena. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilibaki ya darasani. "Nisikilize. Binti yake nimeshampigia simu. Anakuja kesho. Nimemwambia mama amefariki usingizini."

"Mwalimu!"

"Nisikilize nimesema! Tuna wazee arobaini. Kesho habari hii ikitoka, watoto wao watakuja hapa watutupie vitambaa usoni. Sawa, tumestahili. Halafu? Nani atawapitia hao wazee? Hao watoto? Wangekuwa wanawapitia wao, sisi tungekuwepo hapa?" Akafungua mtoto wa meza, akalitia daftari ndani, akafunga. "Aliyekufa amekufa. Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nawaza walio hai."

Ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa na akili. Angekuwa Mwalimu mtu wa hila, Gundi angemkatalia palepale, lakini mwanamke huyu alikuwa akiwaosha wazee kwa mikono yake, na wawili kati ya hao arobaini alikuwa akiwalisha kwa kijiko.

Nyumbani alimsimulia mkewe yote. Mkewe alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama.

"Jumatatu nilikutania," akasema.

"Ulinitania."

"Tukacheka." Akasukuma sinia kando. "Wakati ule alikuwa ameshaanguka?"

"Ameshaanguka."

Mkewe akasema bila kumtazama, "Huyo binti utamwambia. Usiponiahidi, nitakwenda mwenyewe. Mimi siwezi kupewa pole na majirani huku najua kilichonichekesha."

Ijumaa mchana Gundi alikwenda. Chini ya jengo mashine ilikuwa imezimwa kwa heshima ya msiba, na mwenye mashine alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kwanza, mwili mzima una unga.

"Yaani nimekaa hapa chini yake," akamwambia Gundi. "Zamani nilikuwa nampandishia unga kila asubuhi, namgongea, ananitukana kidogo, nashuka. Mlipokuja nyinyi nikaacha. Nikasema ana watu wake sasa, tena wana daftari." Akapangusa uso, unga ukazidi kuenea. "Penye wengi, bwana, unadhani hapaharibiki neno."

Gundi akampita akapanda.

Binti wa marehemu alikuwa mwanamke wa umri wa miaka arobaini hivi, mpishi wa hospitali katika mji ulio mbali, usiku kucha kwa basi. Ndugu wengine hakuwa nao. Alizaliwa peke yake. Alikuwa amevua viatu, amefunga khanga kiunoni, ameshadeki ukumbi. Maiti ilikuwa bado hospitali, mazishi yalipangwa kesho, na watu wa kutoa pole walikuwa wanatarajiwa alasiri hiyo. Alipomwona Gundi mlangoni, akajua ni nani bila kuambiwa. Akamshika mikono yote miwili.

"Kaka," akasema. "Wewe ndiye Gundi. Mama alikuwa hamalizi simu bila kukutaja. Ananiambia, mwanangu, usiwe na wasiwasi, huku una kaka yako." Akawa analia na kutabasamu kwa pamoja. "Nimeambiwa alikwenda usingizini. Nimeshukuru sana. Yeye alivyoteseka na vizazi vya watu, Mungu amempa kifo chepesi."

Hapo ndipo Gundi alipoona ugumu wa kitu alichokuja kufanya. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na hata kwa kofi. Hakujiandaa kumnyang'anya mtu faraja yake, ambayo ndiyo pekee aliyobakiwa nayo. Angeweza kusema asante, akakaa, akapokea watu, na mwanamke huyu angerudi kwenye masufuria yake na uongo mtamu mpaka kufa kwake. Kuna mtu angedhurika? Gundi alitafuta, hakumwona. Kisha macho yake yakaenda ukutani, pale chini, na akaona kwamba binti alikuwa ameshafagia plasta iliyodondoka bila kujiuliza imetoka wapi.

"Dada, keti," akasema.

"Nimeketi sana kwenye basi."

"Keti, tafadhali."

Akaketi. Gundi hakuketi. Akamwambia kuhusu Jumatatu na njia ya nyuma ya soko. Akamwambia kuhusu chai na tiki tatu. Akamwambia kuhusu kisanduku cha vidonge, kikombe na ukuta. Alipofika kwenye neno la daktari kuhusu kiu, akalirudia mara mbili ili asiwe amelimeza.

Binti alimsikiliza mikono iko magotini. "Jumanne ulipita saa ngapi?"

"Saa moja kasoro robo."

"Alikuwa hai."

"Alikuwa hai."

"Na Jumatano?"

"Alikuwa hai, dada."

"Ufunguo ulikuwa nao?"

"Ulikuwa mfukoni."

Aliinuka, akaenda ukutani, akachuchumaa, akaweka kiganja chake pale palipobanduka. Akakaa hivyo. Gundi alimsikia anapumua kwa shida, akasogea, akasema, "Nisamehe, dada. Najua sistahili, lakini nakuomba."

"Usiniombe hilo." Hakugeuka. "Kabla yenu nilikuwa nampigia simu kila siku, hata niwe nimechoka vipi. Mlipoanza mambo yenu nikapunguza, mara mbili kwa wiki. Halafu Jumapili tu. Jumatatu hii nilishika simu jioni nimpigie, nilikuwa nimeota ndoto mbaya. Nikasema, aah, Gundi yupo. Nikaiweka." Sasa akageuka, na uso wake ulikuwa umezeeka. "Nikikusamehe wewe, itabidi nijisamehe na mimi. Siwezi. Leo siwezi, na sidhani kama kesho nitaweza."

Gundi akarudi nyuma kuelekea mlangoni. Alidhani amefukuzwa.

"Unakwenda wapi?"

"Nakuacha upumzike."

"Kaa hapo." Alionyesha kiti kilichokuwa kando ya mlango. "Watu wanakuja sasa hivi. Kila mmoja ataniuliza, ilikuwaje, aliugua, alisema nini mwishoni. Mimi sina nguvu ya kulisimulia hili hata mara moja. Utawaambia wewe. Kila anayeingia, umwambie kama ulivyoniambia mimi, usipunguze."

"Wote?"

"Aliwazalisha wote," akasema. Akaenda jikoni.

Gundi akakaa kwenye kile kiti. Mikono ilikuwa baridi, akaiweka kati ya magoti. Haukupita muda akasikia viatu vingi kwenye ngazi, na pumzi za watu wanaopanda polepole. Aliyetangulia alikuwa Mwalimu. Alimtazama Gundi usoni, akaelewa, akatikisa kichwa kidogo sana kumkataza, midomo imekaza. Nyuma yake ngazi zilikuwa zimejaa. Mwenye mashine alikuwapo, wanaklabu walikuwapo, na katikati yao walikuwapo wazee sita au saba, wamepandishwa kwa kushikwa mikono hatua baada ya hatua, mmoja na fimbo, mwingine amebebwa mgongoni, wamekuja kumlilia mwenzao. Wawili kati yao walikuwa wa Gundi mwenyewe. Walipomwona wakafurahi, wakamwinulia mikono.

Gundi akasimama.

"Shikamooni," akasema.

"Marahaba, mwanetu," wazee wakaitikia.

"Jumatatu jioni," akasema Gundi, "sikupita."